Kizibo cha Hema Namba Sita

Zipu ya hema namba sita ilikuwa inafunguka, kutoka juu kwenda chini, nasi tukamwacha Lukia wiki nzima palepale, kasimama kando ya kitanda cha mgeni na kizibo cha ndiva mikononi. Tusamehe, msomaji. Nafasi ya hadithi hukatwa na mhariri, si na mimi.

Kwa aliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, tuelewane upesi. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo Wapare hukusanyia maji ya mlimani usiku kucha, asubuhi wakayafungulia yateremke mashambani kwa zamu. Tundu lake huzibwa kwa gogo dogo la mti. Kizibo cha ndiva ya kijiji cha Msindoni kilikuwa cha mti wa mringaringa, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kina pete iliyounguzwa kwa moto na alama nne za panga, alama moja kwa kila mlinzi tangu enzi za mababu. Alama ya nne ni ya mzee Zebedayo, baba yake Lukia.

Siku tisa zilizopita kizibo kilitoweka na maji yote yakaenda na maji. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele.

Na leo Alhamisi, jua likifika utosini, mzee Zebedayo alitakiwa aingie katika ndiva kavu, alambe tope lake mbele ya kijiji kizima, na kuapa kwamba kizibo alikitia tunduni kama kawaida na hajui kilikokwenda. Asipoapa, ndiye mwenye hatia. Akiapa uongo, basi tena. Baba mdogo wa Lukia, marehemu Gregori, aliwahi kulamba tope lile kwa shauri la mpaka wa shamba, na mvua za tatu hazikumkuta. Lukia alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, lakini tope la ndiva alikuwa analiogopa kama watu wengine wote.

Zipu ikafika chini.

Aliyeingia hakuwa meneja wa loji ambamo Lukia alifanya kazi ya usafi. Alikuwa mgeni mwenyewe, Bibi Helga, mzungu wa miaka sabini na ushee, fimbo mkononi na kofia ya ukindu kichwani. Lukia akafanya jambo pekee lililomjia akilini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi Helga kwa Kiswahili chake cha zamani, alichokipata alipokuwa muuguzi nchi hii kabla Lukia hajazaliwa. "Ah, umekwisha kukitoa ukutani? Vema sana. Kifunge katika magazeti. Gari langu la uwanja wa ndege laondoka saa nne."

Lukia aliyekuwa akijiandaa kuitwa mwizi akajikuta anapewa kazi.

"Nikifunge, Bibi?"

"Meneja ameniuzia jana. Nitakiweka sebuleni kwangu, juu ya piano."

Chini ya msumari pale ukutani kilikuwepo kikadi, kimechapwa kwa Kiingereza cha kupendeza. Kilisema kwamba hicho ni mungu wa mvua wa Wapare, cha miaka mia mbili, na kwamba hakiguswi na mwanamke. Lukia alikuwa amekifuta vumbi kikadi hicho wiki nzima bila kuinua macho kutazama kilichokuwa juu yake, mpaka asubuhi ile.

"Bibi, hiki si mungu," akasema. "Hiki ni kizibo."

"Kizibo cha nini?"

"Cha maji. Cha kijijini kwetu."

Bibi Helga akacheka kwa upole, akampigapiga begani. "Bwana Humphrey aliniambia mtakana. Ni siri ya kabila, hampendi kuisema mbele ya wageni. Nami naiheshimu. Kifunge vizuri tu."

Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Lukia akatoka na kizibo chake kwapani, ameruhusiwa.

Loji ya Mkuyuni, msomaji, si pahali pa kuchezea. Iko chini ya milima ya Upare, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Same mjini, inatazama nyika. Mahema kumi na mawili juu ya majukwaa ya mbao, umeme wa jua, vyoo vinavyotumia majivu badala ya maji. Kila bafu lina kijikaratasi: Nchi hii ni kavu, tafadhali yahurumie maji yake. Wageni hulipa kwa dola ili wapate kuoga kwa ndoo, kitu ambacho huko Msindoni watu hufanya bure.

Nyuma ya jiko, Naanyu alikuwa anafua mashuka. Huyu ni Mmasai wa huko nyikani, mwembamba, mwenye maneno machache, na ndiye mtu pekee pale lojini aliyekuwa na haraka kumshinda Lukia. Kaka yake, Yoeli, alikuwa na desturi ya kunywesha ng'ombe mwisho wa mfereji wa Msindoni, kule maji ya ndiva yanakoishia. Kizibo kilipopotea, nani atashukiwa? Walimkamata siku ya pili yake, wakamshikilia na ng'ombe wake tisa mpaka kizibo kionekane.

"Mama Eva," Naanyu akasema bila kuacha kufua. "Ndicho?"

"Ndicho. Na nimeambiwa nikifunge kiende Ulaya."

Naanyu akakamua shuka, akalitundika, akakausha mikono. Kisha akaingia jikoni akatoka na mchi wa kinu cha kutwangia karanga. Akaupima mkononi, akaupima na kizibo.

"Hiki kizito zaidi kidogo."

"Atajua."

"Mzungu atajuaje uzito wa mungu?"

Wakaufunga mchi katika magazeti, tabaka kwa tabaka. Yalikuwa magazeti haya haya, msomaji, ya miezi miwili nyuma, na mimi mwandishi sina kinyongo. Kizibo wakakivingirisha katika taulo chakavu. Lukia akainama, Naanyu akamwekea mgongoni, akamfunga mbeleko ya kanga.

Nusu saa baadaye meneja Humphrey mwenyewe alibeba sanduku la Bibi Helga mpaka kwenye gari la uwanja wa ndege, akihema. Bibi Helga akampungia Lukia mkono kwa furaha. Mchi wa jikoni ukaenda zake kuwa mungu wa mvua juu ya piano.

Ukadhani shida imekwisha? Haijaanza.

"Meneja, naomba ruhusa ya leo tu," Lukia akasema. Alisimama kwa namna ambayo mgongo wake haukuonekana. "Baba ana shauri kijijini."

Humphrey aliwahi kuwa mkubwa katika shirika moja la umma lililouzwa. Mashirika yalipokufa, yeye alifufuka na tai mpya na simu ya upepo kiunoni, akawa mtu wa utalii rafiki wa mazingira.

"Leo wanaingia wageni kumi na wawili."

"Ruhusa si ipo kwenye mkataba?"

"Mkataba umeuona wapi?"

"Sijapewa."

"Basi na ruhusa haipo." Akageuka kwenda zake, kisha akageuka tena. "Lukia, ukilivuka lile geti leo, usirudi. Wenye shida ya kazi wamejaa Same mjini. Unawajua."

Aliwajua. Mwaka wa tisini na mbili alikuwa mmoja wao, karani wa ushirika ambaye jina lake lilibandikwa ukutani katika orodha ya waliopunguzwa, katikati ya majina ya watu walioanza kazi kabla yake. Miezi kumi na sita alikaa bila kazi. Sasa akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza ya mapokezi.

"Nikuulize jambo moja la mwisho, meneja. Kile cha hema namba sita mliletewa na nani?"

"Na mtu wa kwenu huko huko juu. Alikileta kwa miguu yake, akachukua chake, akaondoka. Msije mkanisingizia wizi."

"Mtu gani?"

"Kaulize kwenu." Simu ya upepo ikakoroma kiunoni, naye akawa ameshamsahau.

Getini mlinzi akamsimamisha.

"Mama Eva, mtoto huyo umempata lini? Asubuhi uliingia peke yako."

"Si wangu," akajibu Lukia. "Wa Msindoni. Namrudisha kwao."

"Mbona halii?"

"Ameshalia siku tisa. Amechoka."

Mlinzi akataka kufunua kanga amwone. Naanyu, aliyekuwa nyuma, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto ana surua. Mkono ukarudi mfukoni na geti likafunguka.

Pikapu ya Daudi, iletayo kabichi na mayai ya mlimani, ilikuwa inarudi tupu. Lukia akakaa mbele na mzigo wake. Naanyu akapanda nyuma kwenye magunia, akajifunika shuka uso mzima kwa ajili ya vumbi. Saa nne na nusu. Barabara ya Msindoni ni kona juu ya kona, na gari la Daudi lilikuwa linapanda likilalamika.

"Kaza, Daudi."

"Dada, nikikaza zaidi ya hapa tutateremka badala ya kupanda."

Kona ya pili wakakutana na lori linashuka. Hapo hakuna kupishana, ni lazima mmoja arudi kinyumenyume, na aliyepakia mzigo ndiye mwenye haki. Daudi akarudi, akilaani mama na baba wa dereva yule kwa sauti ndogo. Lilikuwa lori la ng'ombe. Likapita karibu kiasi kwamba Lukia angeweza kugusa mbao zake. Katikati ya mbao mbili ng'ombe mwekundu alimchungulia kwa jicho moja, lenye duara jeupe pande zote kama miwani.

"Mnada wa leo huo," Daudi akasema. "Siku hizi kila mtu mfanyabiashara. Ruksa."

Lukia hakumsikiliza. Alikuwa anatazama jua.

Kwenye kijito cha kona ya saba pikapu ikaomba maji. Daudi akafungua boneti. Naanyu akashuka, akakung'uta vumbi, akaja kusimama dirishani kwa Lukia. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa alikuwa anatabasamu.

"Sasa watamwachia Yoeli," akasema. "Wakiona kizibo kilikuwa ukutani kwa wazungu, watajua si yeye."

"Watauliza nani alikipeleka."

"Nitawaambia. Nilimwona."

Lukia akageuka kwa kasi mpaka mzigo ukagonga mlango. "Ulimwona? Siku zote hizi hukuniambia?"

"Nilidhani ni mtu ameleta kuni. Nimejua leo tu, ulipokuja na kile. Alisimama mlango wa jikoni siku kumi zilizopita, amejifunika gunia kichwani. Mimi nilikuwa nimeinama nafua. Uso sikuona. Niliona miguu."

"Miguu?"

"Buti za mpira. La kushoto lina kiraka chekundu hapa juu, cha mpira wa ndani wa baiskeli." Akamtazama. "Unamjua?"

Kiraka kile Lukia alikibandika mwenyewe siku ya pili ya Krismasi. Alikwangua kwa msasa, akapaka gundi, akakikalia nusu saa kishike, huku baba yake akimtania kwamba buti likipona atalipeleka kanisani likatoe shukrani.

"Buti za mpira ziko nyingi," akasema.

Huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kumwambia Naanyu.

Kizibo kilikuwa mapajani sasa. Aliingiza mkono ndani ya taulo akapapasa zile alama nne. Ya kwanza ilikuwa imelika mpaka karibu kuisha. Na huku gari likipanda, mambo madogomadogo yakaanza kumjia moja baada ya jingine, kila moja likivuta lenzake.

Krismasi ile ile alimkuta baba yake nyuma ya nyumba anachonga kitu. Alipokaribia, mzee akatupia gunia juu yake. "Nachonga mpini," akasema. Mpini gani wenye alama za panga?

Kisha Eva, binti yake, akachaguliwa shule ya bweni. Shule ilitaka sanduku la bati na godoro, na Lukia hakuwa navyo. Wiki iliyopita vikatokea vyote viwili, sanduku jipya la buluu lenye kufuli. "Nimeuza mbuzi," mzee akasema. Mbuzi walikuwa watatu, na watatu walikuwa palepale zizini. Lukia aliwaona. Hakuuliza, kwa sababu hakutaka kujua.

Akaelewa. Mzee hakuiba. Mzee alichonga cha pili, cha kuwauzia wazungu, akakizika topeni kizeeke, akakiunguza pete, akakitia na alama nne. Nani angemlaumu? Mji mzima ulikuwa unauza vibuyu na vigoda. Lakini macho ya mzee yalikuwa na mtoto wa jicho kwa mwaka wa pili, na alikuwa mbishi, hataki kuongozwa wala kuambiwa. Akabeba kizibo cha mababu akakipeleka lojini. Akarudi jioni, akazibia ndiva kile cha mti mbichi. Usiku maji yakakipasua, yakaondoka nacho.

Asubuhi akajua alichofanya. Angesema siku ile ile, wangemcheka mwaka mzima, wangemnyang'anya ulinzi, wangemsamehe. Badala yake akapiga kelele za wizi. Walipomleta Yoeli amefungwa kamba, akanyamaza. Jambo hilo la pili ndilo lililomchoma Lukia. Alimpenda baba yake na alimkasirikia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa vinamtoa machozi.

Na sasa mzee alikuwa anakwenda kulamba tope.

"Daudi, nakuomba."

"Dada, naona unavyoniomba. Gari halioni."

Walifika jua likiwa limebakiza kidogo tu. Kijiji kizima kilikuwepo. Tangu alfajiri pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilikuwa imelia, na msaragambo Msindoni ni Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa ina Waislamu, Jumamosi ina Wasabato na Jumapili ina Walutheri, na maji ni ya wote. Majembe yalikuwa yamesimikwa ukingoni. Ndiva yenyewe ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino, isipokuwa katikati palipobaki tope jeusi.

Ndani ya ndiva haingii mtu na viatu. Ni sheria kongwe kuliko kanisa. Kwa hiyo viatu vya kijiji vilipangwa ukingoni, mstari mmoja mrefu, makubazi ya matairi, raba za mitumba, viatu vya plastiki. Na wenyewe walikuwa chini, pekupeku.

Mzee Zebedayo alikuwa katikati ya tope, suruali imekunjwa mpaka magotini, amekonda kuliko wiki iliyopita. Yoeli alikuwa amekaa kando yake chini ya ulinzi wa mgambo wawili. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva, Melkizedeki, mtu wa makamo mwenye saa mpya na koti zuri la mitumba, alikuwa ameinua mkono ili watu wanyamaze.

Lukia alitaka kukimbilia chini. Kabla hajatia mguu ndani akaziona.

Zilikuwa katikati ya mstari. La kushoto lilitazama nje, na kiraka chekundu kilikuwa kinawaka juani. Miguu yake ikaamua kabla ya kichwa. Akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya buti, akaacha kanga ishuke mpaka chini.

"Mwenyekiti," akasema, "kizibo hiki hapa."

Akakifungua kutoka kwenye taulo, akakiinua. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka kijiji cha pili. Mzee mmoja alilia waziwazi. Kizibo kikapokewa, kikapita mkono kwa mkono hadi kwa Melkizedeki, ambaye alikihesabia alama na kutikisa kichwa.

Mzee Zebedayo peke yake hakufurahi. Alimtazama binti yake, kisha akautazama mstari wa viatu, akatambua binti yake amesimama wapi. Macho hayakuwa mazima, lakini hilo aliliona.

"Kimetoka wapi?" Melkizedeki akauliza.

"Lojini. Kilitundikwa ukutani kama pambo."

"Na nani huenda lojini kila asubuhi na maziwa?" Mwenyekiti akageuka polepole kumwelekea Yoeli. "Jamani, mnataka ushahidi gani tena?"

"Si yeye."

Naanyu alikuwa ameshashuka ndani ya ndiva, pekupeku, akasimama mbele ya wazee bila kuinamisha kichwa. "Aliyekipeleka nimemwona. Alivaa buti za mpira. La kushoto lina kiraka chekundu."

Minong'ono ikapita. Melkizedeki akatabasamu kama mtu mwenye subira kubwa.

"Binti, viatu vyote vya Msindoni viko pale juu. Nenda kakague. Nasi hatutakusubiri. Mzee Zebedayo, jua limefika. Apa tumalize."

Mzee akainama, akachota tope kwa kiganja.

Naanyu akaanza mwanzo wa mstari. Alikuwa anakwenda bila haraka, jozi moja baada ya nyingine, akigeuza vingine kwa mkono. Lukia akapiga hesabu. Akisimama imara, basi. Hakuna atakayemgusa mwanamke aliyerudisha kizibo. Baba ataapa, watamwamini, ulinzi wa ndiva utabaki nyumbani mwao, na Eva atarudi likizo kwenye nyumba yenye jina zuri. Yoeli ndiye atakayelipa. Na baba atakuwa amemeza uongo.

"Mimi Zebedayo," mzee akaanza, "niliyerithi ulinzi huu kwa baba yangu…"

Kiganja kikapanda kuelekea kinywani.

Naanyu akafika. Akatazama chini, akaona kanga imegusa ardhi mahali ambapo kanga haigusi ardhi. Akainua macho. Akamtazama Lukia muda mrefu, na Lukia akaona kwamba ameelewa kila kitu, pamoja na kile alichodanganywa kijitoni. Hakupaza sauti.

"Mama Eva," akasema, "naomba usogee kidogo."

Tope lilikuwa limebakiza vidole viwili kufika mdomoni.

Lukia akasogea.

"Baba," akasema, "usilambe."

Naanyu alikuwa amelinyanyua lile la kushoto, kiraka mbele. Wote walizijua buti zile. Zilipita mbele ya milango yao kila alfajiri kwa miaka kumi na saba.

Mzee Zebedayo akaufungua mkono, tope likaanguka. Lukia alitegemea hasira. Badala yake mabega ya mzee yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Nilichonga cha kuuza," akasema. "Mjukuu alitakiwa sanduku. Nikauza cha kuzibia, nikazibia cha kuuza. Macho yangu yamekwisha na sikutaka mjue." Akamgeukia Yoeli, na hili lilimgharimu zaidi. "Kijana wangu, ulipoletwa na kamba nilikuwa najua. Nilinyamaza."

Mahali fulani nyuma, bibi mmoja akaguna, akasema macho ni kitu, jamani. Mwingine akasema uongo ni uongo. Zogo lingeanza hapo, lakini Melkizedeki akapiga makofi.

"Basi, basi. Shauri limekwisha. Kizibo kipo, mkosaji amekiri. Chukueni majembe, tuzibe, twende nyumbani."

Haraka hiyo ya nini? Dakika tano zilizopita mtu huyu alitaka kiapo mpaka tone la mwisho.

Yoeli akasimama. Mgambo hawakumzuia.

"Mimi nimesamehe mzee," akasema. "Sasa nipe ng'ombe zangu."

"Utapewa."

"Ziko wapi?"

"Ziko uwanja wa shule, zinakula."

"Siku nane nimekaa kwenye stoo ya shule nazisikia. Leo tangu asubuhi kimya. Yule mwekundu wa jicho jeupe mmemtenga na ndama wake. Hawezi kunyamaza huyo."

Melkizedeki akajikohoza. "Kama kuna chochote kimezipata, kamati haihusiki. Atawajibika aliyedanganya mpaka zikashikwa." Na kidole chake kikamnyookea mzee Zebedayo, aliyekuwa bado amesimama topeni.

Jicho moja, duara jeupe kama miwani, katikati ya mbao mbili.

Lukia alikuwa amepoteza kazi saa nne, na jina la nyumba yao saa sita. Hakuona kilichobaki cha kuogopa. Akavua viatu, akavipanga kwenye mstari pamoja na vingine, akashuka ndani ya ndiva.

"Mwenyekiti," akasema, "lile lori tulilopishana nalo kona ya pili, ulilipakia saa ngapi?"

Watu wote wakamgeukia Melkizedeki. Naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akatupa macho ukingoni kutafuta viatu vyake vilipo.

Vilikuwa mkononi mwa Naanyu.